Nyuki Ndani ya Bawa

Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma, nimekaa kwenye benchi la fundi viatu nikisubiri kiatu changu kilichoachia soli. Kabla ya kuanza kushona, fundi alitoa mfukoni donge la nta, akaupitisha uzi juu yake, akauvuta, akaupitisha tena, mpaka uzi ukang'aa. Harufu ikanifikia pale nilipokaa. Nikashika ukingo wa benchi.

"Vipi mama, unaumwa?" akauliza.

"Hapana. Nimekumbuka ndege."

Akatazama juu, akaona anga tupu, akainamia kiatu chake. Sikumlaumu. Ningeanzia wapi kumweleza, mguu mmoja peku, na foleni ya malori inapiga honi nyuma yetu? Kwa hiyo nimeamua kuyaandika, kwa ajili yenu nyie wa umri wangu, mliokua wakati redio moja ilikuwa ya mtaa mzima na ndege ikipita juu watoto wote walitoka mbio kuipungia mikono.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeuza dagaa Karema, nimewapikia wachimba dhahabu, nimefuata mavuno ya mpunga huku na huko kama ndege wa mpunga wenyewe. Shule niliiacha darasa la sita. Watu hudhani aliyeacha shule hakupenda kujua mambo. Mimi niliacha kwa sababu darasani hakukuwa na mtu anayejenga kitu, na nilikwisha kuona kitu kikijengwa.

Aliyekijenga ni kaka wa baba yangu, baba mkubwa Gaudensi. Baba mwenyewe alifariki nikiwa bado mgongoni, kwa hiyo mwanamume niliyemjua nyumbani ni huyo. Alikuwa Mfipa mrefu, mkimya, mwenye mashavu yaliyoingia ndani, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuendesha vindege vya kunyunyizia dawa ya nzige huko bonde la Rukwa na mbuga za Katavi. Aliruka chini sana, alituambia, mpaka nyati walikimbia kivuli chake. Kisha akaacha kazi, akarudi Mpanda, akakodi ghala la zamani pale mtaa wa Shanwe ambamo zamani nta iliyeyushwa kabla ya kupakiwa kwenye treni. Kuta zake zilikuwa nyeusi na laini. Jua likipanda, ghala lote lilinukia asali iliyoungua.

Ndege yenyewe ilikuja kwenye masanduku. Rubani mwenzake, mgeni, alikuwa ameiagiza kutoka kwao ili aiunde mwenyewe kwa mikono yake, halafu mkataba wake ukaisha kabla hajang'oa hata msumari mmoja wa sanduku. Akamwachia baba mkubwa. Tulikwenda stesheni kuyapokea yaliposhushwa kwenye behewa la mizigo. Moja lilikuwa refu, la mbao nyeupe, na wapagazi walilibeba taratibu kwa heshima, wamenyamaza. Nilikuwa nimewahi kuona sanduku refu likibebwa hivyo.

"Baba mkubwa, nani amekufa?" nikauliza.

Alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. "Huyu hajazaliwa bado, Vero."

Basi nikaishi na jibu hilo msimu mzima. Kila nikitoka shule nilipita ghalani kumwangalia ambaye hajazaliwa. Kwanza alikuwa mabomba, mepesi ajabu, ambayo ningeweza kuyanyanyua kwa kidole. Kisha akawa na mgongo. Kisha akaota mbavu, mbavu nyembamba zilizopangwa kwa mstari kwenye kila bawa, na baba mkubwa alitembea katikati yake na penseli sikioni, akipima, akifungua, akifunga tena. Nilizoea kufikiri vitu vikubwa hutoka dukani, au Dar es Salaam, au kwa Mungu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kwenye ghala la Shanwe, amevaa kandambili, akakiunganisha kitu cha namna ile kipande kwa kipande, huku akisimama kidogo kunywa uji.

Nilipojua kwa nini alikuwa na haraka, nilijua kwa kusikiliza yasiyonihusu. Mama alikuwa anamwekea chakula.

"Shemeji, pumzika basi," mama alimwambia. "Hiyo ndege haikimbii."

"Mimi ndiye ninayekimbia," akasema. Akalifunika jicho lake la kushoto kwa kiganja, halafu la kulia. "Hili la kushoto linaingia ukungu. Daktari wa marubani ameniambia wazi. Kibali changu kikiisha mwaka huu hakuna daktari atakayesaini tena. Na mvua zikianza, uwanja wetu unakuwa tope. Nisiporuka kabla ya mvua, sitaruka tena kabisa."

"Na ukiruka?"

"Nitakuwa nimeruka na yangu."

Kesho yake mama alihamishia cherehani yake ghalani.

Hapo niseme kuhusu mama. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na alikuwa fundi wa nguo ambaye akina mama wa Shanwe walimpelekea vitenge vya harusi. Kiswahili chake kilikuwa na mteremko wa Kirundi, na akishtuka alisema "Mana yanje!", yaani Mungu wangu, mpaka wateja wakamwita hivyo hivyo, Mama Manayanje. Baba mkubwa alijua chuma na waya. Kitambaa hakukijua. Na mabawa ya ndege ile yalikuwa ya kitambaa.

Hili ndilo jambo ambalo mpaka leo nikilieleza watu hunitazama wakingoja nicheke. Ndiyo, kitambaa. Unalivika bawa kama unavyouvika mto foronya, unakibana kingo kwa gundi, halafu unakishonea kwenye mbavu, ubavu kwa ubavu, kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Bawa husimamishwa wima. Mtu mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule, na sindano inapita katikati. Mama alikaa upande wake, mimi upande wangu. Hatukuonana. Niliona kitambaa kinavimba kidogo, ncha ya sindano inatokeza, naishika, naivuta mpaka uzi ukakaza, nairudisha pale aliponichorea alama. Upande wa pili ananipokea. Saa nyingi tulikaa hivyo, na mama ambaye nyumbani hakuwa msemaji alizungumza nami kupitia kile kitambaa kuliko alivyowahi kuzungumza tukitazamana. Alinieleza Katumba, alinieleza baba yangu alivyocheka. Wakati mwingine alinyamaza, na sindano peke yake ikaja.

"Vuta, Vero. Ukilegeza hapo, baba yako mkubwa anaanguka hapo."

Nilivuta mpaka vidole vikachanika.

Uzi uliokuja kwenye masanduku ulikuwa umekauka, nta yake imepasuka na kudondoka. Hilo halikumsumbua mtu. Tulikuwa Mpanda. Nta tuliipata kwa jirani, Mzee Kapele, Mkonongo aliyekuwa na mizinga ya magome porini mpaka kule njia ya Sitalike. Tukalipitisha kila pande la uzi kwenye nta yake ya manjano, ambayo bado ilikuwa na mabawa ya nyuki ndani.

Bawa la kwanza lilipokwisha kushonwa, baba mkubwa alilipaka dawa ya kukaza kitambaa. Dawa ile haikuwa na rangi, lakini ilinuka vikali na ilishika moto kama petroli, hata akamkataza kila mtu asiingie na kiberiti. Ilipokauka, kitambaa kilikaza kama ngoma. Alikigonga kwa kidole, kikalia. Alikuwa anafumba macho akigonga, anasikiliza, anasogea, anagonga tena.

"Sasa nini kitalibeba?" nilimwuliza.

"Hewa."

Nilidhani ananidanganya, kama wakubwa wanavyowadanganya watoto wakichoka kuulizwa. Hewa ilikuwa kila mahali na sikuwahi kuiona ikibeba hata sufuria. Na kwa nini basi ndege zilinguruma zikipita juu? Hewa haingurumi. Niliamini kuna kitu kinatiwa ndani ya mabawa mwishoni, siri ya marubani, na kwamba siku ikifika nitakiona.

Nikakiona. Dawa iliisha kabla ya bawa la pili, na tulikuwa tunasubiri pipa jingine kwa treni. Bawa lile lililala kwenye vigogo karibu na dirisha, limeshonwa tayari, mdomo wake wazi upande ambao ungeunganishwa na mwili. Mchana mmoja nilikuwa mlangoni nikimenya karanga, nikasikia mvumo. Wingu jeusi lilikuja kutoka upande wa reli, likapita juu ya mapaa, watoto wote wa mtaa wakalala kifudifudi kama tulivyofundishwa. Mimi nililala huku nimeinua kichwa. Kundi lile lilizunguka ghala, likaingia dirishani, na mbele ya macho yangu nyuki wote, wote kabisa, wakaingia ndani ya bawa kama maji yanayoingia kwenye mtungi.

Kisha ukimya. Nikatambaa, nikaweka sikio kwenye kitambaa. Ndani kulikuwa na mngurumo. Mdogo, wa mbali, lakini ulikuwa ndio ule ule wa ndege zilizopita juu yetu. Nilielewa kila kitu. Nikajua kwa nini mabawa yana uwazi, kwa nini yanashonwa kwa uzi wa nta, kwa nini baba mkubwa hugonga na kusikiliza. Nilikuwa mtoto pekee Mpanda aliyejua ndege huruka kwa nini.

Nilikimbia kumwita. "Wamekuja! Baba mkubwa, wamekuja wenyewe!"

Uso wake alipoona sijausahau. Alikaa chini kwenye sanduku tupu.

Mzee Kapele alifika jioni, anatafuna kipande cha muhogo, amefurahi. Wafipa na watu wake ni watani, na mtani hapiti kwenye msiba wako bila kuutia chumvi.

"Gaudensi! Nimesikia umefuga. Hongera, bwana. Mfipa kupata kundi bila kupanda mti, hii ndiyo mara ya kwanza."

"Mkonongo wewe, leo sicheki."

"Utacheka tu. Nyie mlizoea kusafiri kwa ungo. Mmeona ungo hautoshi, mmeanza kutengeneza wenye injini, haya, Mungu naye kaweka dereva."

Akasogelea bawa, akainusa mishono. Akainusa tena. "Huu uzi mmeupaka nini?"

"Nta," mama akasema.

"Ya wapi?"

"Uliyotupa wewe mwenyewe, mzee."

Mzee Kapele alitutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaupoteza muhogo wake. "Nyie watu! Mmechukua kitu kina uwazi ndani. Mkakipaka nta mbichi. Mkakilaza kivulini, mdomo umeelekea dirishani, mwezi huu ambao makundi yanahama. Kuna mtoto hapa Mpanda asiyejua huo ni mzinga?"

Ni kweli. Hivyo ndivyo mizinga mipya inavyotegwa kwetu. Unaisugua nta ndani, unaipandisha mtini, unasubiri. Kila mtu aliyepita pale ghalani alijua hivyo tangu kuzaliwa, na hakuna aliyeliona, kwa sababu tuliambiwa kile ni bawa.

"Sisi tuliona ndege," baba mkubwa akasema.

"Nyuki hawakuambiwa." Mzee akajifuta machozi. "Haya, nileteeni mwenge nifukizie, kesho muwe mmemaliza."

"Hapana moto!" Baba mkubwa alisimama. Akamwonyesha bawa lile jingine, lililokwisha kupakwa. "Cheche moja tu, ghala lote linakwenda."

"Basi waache. Wakishajenga masega, utarusha asali."

Utani ukaishia hapo. Kusini kulikuwa na mawingu, ya kwanza tangu masika. Mzee aliyaona, akamwona baba mkubwa anayatazama kwa kuinamisha kichwa upande, kama kuku, ili ayapate kwa jicho zima. Nadhani ndipo alipoelewa.

"Wanaweza kutolewa bila moshi," akasema taratibu. "Ni kazi ya kichaa, lakini inawezekana. Alfajiri, baridi ikiwa imewashika. Nitaoga bila sabuni, harufu yake inawakasirisha. Ila sitaweza kuingiza mkono kwenye huo mdomo mpaka walipo. Lazima mtu anifungulie katikati."

Wote wakamgeukia mama. Kufungua katikati maana yake ni kukata mishono.

"Mana yanje," mama akasema kwa sauti ndogo. Kisha: "Nitaleta mkasi."

Alfajiri ile ilikuwa ya kijivu. Baba mkubwa alinikataza kuingia, mama akasema niachwe, mshono ule ni wangu pia. Nilisimama ukutani nimejifunika kanga, tundu la macho tu. Mzee Kapele aliweka mzinga wa magome sakafuni, ameusugua nta. Mama akapiga magoti penye bawa na kuanza kukata uzi wetu, ti, ti, ti, taratibu, ubavu baada ya ubavu. Mngurumo ulipanda. Nyuki mmoja akatoka, akatua kwenye nyusi yake. Mama hakuacha kukata. Nyuki akamchoma, jicho likaanza kuvimba papo hapo, naye anakata. Alipokifunua kile kitambaa, nikaona ndani.

Walikuwa wananing'inia kwenye mbavu za ndege, wameshikana miguu, mkufu juu ya mkufu, kama shela nyeusi inayopumua. Katikati walikwisha kuanza sega, jeupe, jembamba, dogo kama kiganja changu. Mzee Kapele aliingiza mikono mitupu. Alikuwa anawasemesha kwa Kikonongo, kwa sauti ile ile unayomsemeshea mgonjwa. Alilikata sega akalifunga kwenye mzinga, akachota nyuki kama mtu anayechota mpunga, akachota tena, na mara moja kitu kikabadilika. Wale waliobaki wakageuka. Wakashuka kwenye mbavu, wakatembea sakafuni kwa mguu, jeshi zima, wakaingia kwenye mzinga.

"Mama yao ameingia," mzee akanong'ona.

Nikaanza kulia. Si kulia kidogo. "Msiwatoe! Msiwatoe wote! Sasa itarukaje?"

Mzee Kapele alikuwa wa kwanza kuelewa, akaangua kicheko, mama naye akacheka na jicho lake lililofumba. Baba mkubwa hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu.

"Vero, ulidhani hawa ndio wa kuibeba?"

"Wananguruma kama ndege!"

Alifikiri. "Ni kweli," akasema. "Wananguruma hivyo hivyo. Lakini mimi nimeruka miaka mingi, na ndani hamna kitu. Ni patupu."

Hilo ndilo lililoniogopesha. Toka hapo nilimtazama kama mtu anayekwenda kufa na hajui.

Mama aliufua ule upande kuondoa asali ili sisimizi wasije, akatia kiraka pale kitambaa kilipochanika, na tukashona upya. Safari hii nta ilichemshwa na kuchujwa mpaka ikapoteza harufu, na dirisha lilizibwa kwa gunia. Jicho lake lilikuwa bado halijafunguka vizuri. Hatukuzungumza. Sindano ilikuja, nikairudisha. Mara moja tu aliita kutoka upande wa pili:

"Vero. Huu mshono ukiachia huko juu, ni mimi."

Nikavuta uzi kwa nguvu zangu zote ili ajue nipo.

Pipa la dawa lilifika, bawa likapakwa, likakaza, likalia. Mkaguzi wa ndege akaja kutoka mbali, kijana mpole aliyevaa tai, akakagua kila waya, akabonyeza kila mshono kwa dole gumba. Pale penye kiraka alikaa muda mrefu. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika nguzo. "Nani ameshona hapa?" mkaguzi akauliza. Mama akanyanyua mkono kama mtoto wa shule. Kijana akatikisa kichwa kukubali, akamwambia baba mkubwa aruke juu ya uwanja tu, asipite juu ya nyumba za watu.

Mabawa tuliyapeleka uwanjani kwa mkokoteni, na Shanwe nzima ikafuata. Wanawake walipiga vigelegele kana kwamba tunasindikiza bwana harusi. Mzee Kapele alitangulia, anapiga kelele, "Wapisheni! Ungo wa Mfipa unapita! Mchana kweupe, hana hata haya!" Hata baba mkubwa alicheka. Mama peke yake hakucheka, na asubuhi ile hakuwa ameweka kitu mdomoni.

Mabawa yalipokwisha kuungwa kwenye mwili, baba mkubwa aliingia kwenye kiti chake, akavaa kofia yake ya zamani ya kazi ya nzige, akafunga mikanda, akatutazama. Kisha pangaboi la mbele likazunguka, na ule mngurumo ukatoka, ukakua, ukatujaa vifuani. Vumbi jekundu likainuka. Niligeuza uso wangu kwenye kitenge cha mama. Nilijua hataruka. Ndani hamkuwa na kitu. Atakwenda mpaka mwisho wa uwanja, ataingia kwenye miombo, watu watacheka au watalia, basi.

"Angalia," mama akasema. Alinishika kidevu akanigeuza. "Angalia, mwanangu, angalia."

Ilikuwa inakimbia. Magurudumu yanadunda, mabawa yanatikisika, halafu magurudumu yakaacha kudunda. Hapakuwa na kishindo, hapakuwa na mruko. Palikuwa na ardhi chini yake, kisha palikuwa na upana wa mkono wa mwanga, kisha upana wa mtu, kisha mti. Mngurumo ukasogea mbali. Nilisikia kuku wakilia mtaa wa mbali.

Akageuka mwisho wa uwanja, akarudi, akapita juu yetu. Na kwa kuwa dawa ile haikuwa na rangi, na jua lilikuwa juu yake, nililiona bawa kwa ndani. Niliziona mbavu zote. Nikaiona mishono yetu, vidoti vidogo vyeusi kwa mistari, na kiraka cha mama, kimekolea kidogo kuliko pengine. Niliona kila kitu kilichokuwamo mle, na hamkuwa na nyuki hata mmoja. Palikuwa patupu, kama alivyosema. Patupu, na mtu mzima mwenye uzito wake na mawazo yake amekaa juu ya patupu pale, anapita.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile. Nimeona ziwa Tanganyika likisimama wima kwa dhoruba. Nimeona dhahabu. Hakuna lililonifanya nihisi hivyo tena, kwamba dunia ni nyepesi kuliko tulivyoambiwa, na kwamba hakuna aliyekuwa ananidanganya.

Alizunguka, akazunguka tena, kisha akashuka. Magurudumu yaligonga ardhi kwa nguvu, ndege ikaruka juu kama mpira, ikagonga tena, ikatulia. Watu wakapiga kelele wakidhani ni mbwembwe. Wakakimbia wote. Vijana walimbeba begani, Mzee Kapele akamtukana kwa furaha, mkaguzi akampa mkono. Mama alilizunguka bawa akiupapasa mshono wake, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye vumbi akavua viatu, akaomba maji, na mkate.

Walipotawanyika tukabaki watatu pembeni mwa uwanja. Mama akamwuliza, "Kesho utaruka tena, shemeji? Mvua bado."

Baba mkubwa alikuwa anafungua kamba za kofia yake. "Ile ardhi," akasema, "ilinifikia kabla sijaitegemea. Niliiona bado iko chini kule. Kumbe nimeshafika." Akaivua kofia. "Daktari aliniambia mwisho wa mwaka. Alinihurumia. Mwisho ulikuwa leo."

"Lakini umeruka," mama akasema.

"Nimeruka, Mama Vero. Ehe. Nimeruka na yangu."

Sikuona huzuni usoni mwake. Alikuwa kama mtu aliyeshiba. Akajinyoosha majanini, mikono chini ya kisogo, uso juu. Juu kabisa, mbele ya yale mawingu ya kusini, palikuwa na mwewe mmoja akizunguka bila kupiga bawa. Baba mkubwa alipepesa macho, akalisogeza lile zima huku na huku.

"Vero. Kuna mtu juu pale?"

"Mwewe."

"Nilijua. Hewa ya saa hizi inapanda. Anafanya nini?"

"Anazunguka."

"Si hivyo. Niambie bawa. Limekaaje?"

Nikalala karibu naye ili niangalie kutoka pale pale anapoangalia yeye. Nilitazama vizuri, kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote darasani.

"La kushoto limeshuka," nikasema. "Kidogo. Na manyoya ya ncha yake yameachana kama vidole."

Akafumba macho.

"Sasa anageuka," akasema.

Na mwewe akageuka.